Goti la Ethan Mwana wa Abigail

Sehemu ya Tisa

Sundus amesimama palepale mlipomwacha, kwenye korido ya ghorofa ya pili huko Woodbridge, mkono juu, tayari kugonga mlango wa mdogo wake Sabri. Hakugonga. Kulikuwa na mtu anazungumza humo ndani, na mtu huyo alikuwa ni yeye mwenyewe.

Waliotuandikia wiki nzima kwamba ni jini, wapunguze. Majini hawakai Woodbridge, kodi ya huko hawaiwezi. Ilikuwa ni simu. Simu ya Sabri ilikuwa ikitoa maneno ambayo Sundus alimtumia mama yao Unguja siku tano nyuma, akiwa amejifungia chooni kazini:

"Mama, nisomee mgonjwa wangu mmoja, kijana. Anaitwa Ethan, mama yake Abigail. Goti limekwisha, mama. Jumamosi hachezi, na hakuna ajuaye ila sisi humu ndani. Kalia mbele yangu kama mtoto mdogo."

Kwa aliyeingia leo, tumpe kiti kwanza, kisha tuendelee.

Sundus ni muuguzi kwenye kliniki ya mifupa Gaithersburg, mwaka wa kumi na moja sasa. Alianza kwa kuosha wazee na kuwageuza vitandani, akasoma huku anafanya kazi, akafeli mtihani wa leseni mara mbili, mara ya tatu akapata. Leseni hiyo imetundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni. Watoto wake wawili wanakula humo, na mama yake, Bi Mize, anakula humohumo akiwa Unguja. Na sheria ya Marekani ni moja: siri ya mgonjwa ikitoka kinywani mwa muuguzi, leseni inakwenda. Hakuna msalie mtume.

Ethan ni kwotabeki wa chuo cha Catoctin State, yaani ndiye mrusha mpira, na asipokuwepo wenzake kumi hawajui pa kukimbilia. Jumamosi hii wanacheza na Occoquan Tech kwenye Bakuli la Patuxent. Mechi hizi za kufunga mwaka Wamarekani wanaziita bakuli, na msiniulize kwa nini, maana sijaona anayekula humo ila wenye kampuni za kubeti. Daktari alimwambia Ethan kano ya goti imekatika. Timu ikaomba jambo lifichwe mpaka siku ya mechi. Mama yake Abigail akamshika Sundus mkono, akamwambia, tafadhali mwombee mwanangu.

Hapo ndipo Sundus alipofanya kosa ambalo Mmarekani hawezi kulifanya hata umlipe. Mmarekani ukimwomba dua anasema nitakuombea, anakwenda zake kula. Sundus alitaka kijana asomewe kweli. Na Bi Mize hasomi hewani. Anataka jina la mgonjwa na jina la mama aliyemzaa, kwa sababu kwake yeye dua isiyo na jina la mama ni barua isiyo na anwani. Sundus akamtajia yote mawili.

Haya. Mlango.

Aliusukuma tu. Ndani alimkuta Sabri mezani, kompyuta wazi, maikrofoni mpya imesimama mbele yake. Pembeni alikaa Solomon, Mkenya wa Kericho, ambaye kazi yake ni kumpigia Sabri hesabu za mechi. Ilikuwa saa sita mchana, na theluji ilikuwa bado imelala kwenye magari huko chini.

Sabri aliigandamiza simu kwenye paja kuizima. Akatabasamu lile tabasamu lililomponya na viboko utoto wake wote.

"Alaa, dada. Si ungepiga simu nikakuwekea chai."

"Lete hiyo simu," Sundus akasema.

Hakupewa. Akaichukua. 

Asubuhi ile, kwenye chumba cha chai kazini, alikuwa amesikia uchambuzi wa Sabri kutoka simu ya Jepkosgei, msichana wa mapokezi. Sabri ana idhaa yake mtandaoni, inaitwa Mkeka Mzima. Mkeka ni ile orodha ya mechi anazozibetia mtu, na mkeka ukichanika basi hela imekwenda na maji. Watu elfu nne wanamsikiliza, kutoka Woodbridge mpaka Mwanza na Eldoret, na Jepkosgei alikuwa mmoja wao. Sundus alikuwa akikoroga chai. Akasikia sauti ya mdogo wake:

"Wana mkeka, salaam aleikum. Jumamosi ni Bakuli la Patuxent. Kampuni zote zinampa Catoctin ushindi wa pointi saba. Najua mnataka kukimbilia huko, kashinda mechi tisa huyo. Msikimbie. Chukueni Occoquan na hizo pointi saba, na mwenye moyo achukue Occoquan ashinde wazi. Mrusha mpira wa Catoctin hana goti. Hii si tetesi, jamaa zangu. Hii imetoka chumba cha daktari."

Chumba cha daktari. Kijiko kilimponyoka Sundus. Aliomba ruhusa, akasema anaumwa tumbo, akaendesha gari mpaka Woodbridge, Virginia, bila kuwasha redio.

Sasa alimuuliza Sabri maswali mfululizo bila kusubiri jibu hata moja. Alimuuliza kama anajua leseni ni kitu gani. Alimuuliza kama amesahau ni nani aliyemlipia nauli ya kuja nchi hii, ni nani aliyemlaza kwenye kochi lake miezi kumi na minne. Alimwambia kuwa hii ni HIPAA, sheria ya siri za wagonjwa, na kwamba kwa sheria hiyo watu hawasamehewi kwa sababu ndugu yao ni mjinga.

Sabri alingoja apumue. Kisha akatoa hoja aliyokuwa ameiandaa, na ilionekana anaiamini kabisa.

"Dada, mie nimesema kwa Kiswahili. Nani hapa anajua Kiswahili?"

Sundus alikaribia kucheka. Akamhesabia watu wa kliniki yake peke yake. Yuko Jepkosgei mapokezi. Yuko Mkongomani kwenye eksirei. Yuko Bupe anayesafisha, binti wa Tukuyu, ambaye Sundus mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Hao ni wa ghorofa moja ya jengo moja, na Sabri anasema nani anajua Kiswahili. Kiswahili kilikuwa kichaka chetu zamani, akamwambia, tulipokuwa watu sita huku.

Solomon alikuwa ameinamia kompyuta yake muda wote. Akainua kichwa.

"Sister, mimi naapa sikujua. Huyu jamaa aliniambia ni source ya gym." Akaigeuza kompyuta waione. "Lakini angalieni hii. Jana ilikuwa minus seven. Saa hii ni minus two na nusu."

Sundus akamwambia aseme lugha ya watu. Solomon akafafanua: zile pointi saba alizopewa Catoctin zimeporomoka hadi mbili na nusu kwa siku moja, na hilo halitokei ila hela nyingi zimehamia upande wa pili kwa ghafla. Si hela za Eldoret. Kuna wakubwa wamesikia, na wakubwa wana watu wa kuwatafsiria.

"Line ikimove hivyo, hao watu wa betting lazima waulize ni nani ameongea," Solomon akasema. "Na wakiuliza, wanaanzia hospitali."

Akafunga kompyuta, akavaa koti, akamwambia Sabri atafute mtu mwingine wa hesabu. Huyo hatukumwona tena siku ile.

Walibaki wawili. Sundus alimtaka Sabri afute uchambuzi, na Sabri akafuta. Akamtaka afute ile sauti yake aliyoikuta ikicheza, na Sabri akaifuta mbele ya macho yake. Akamuuliza alikuwa akiifanyia nini. Sabri akababaika. Watu walikuwa wakimwita mwongo, akasema, wakidai ushahidi, naye alifikiria kuweka sekunde chache tu, tena kwa kuibadilisha sauti iwe nzito kama ya mwanamume.

"Umeitoa?"

"Wallahi haijatoka."

Msomaji, kishike kiapo hicho.

Sundus aliketi. Alijua Sabri aliipata wapi ile sauti, lakini alitaka aambiwe. Akampigia mama yao, spika wazi. Unguja ilikuwa saa mbili za usiku, Bi Mize ametoka kuswali isha, na furaha yake ilijaa chumba kizima. Akaeleza kuwa amemsomea yule kijana sura ya Yasin, yeye na wanawake kumi na wawili, na kwamba wawili kati yao walinung'unika wakauliza tangu lini Mzungu akasomewa, naye akawaambia goti halina dini.

"Kisha nikaituma ile sauti yako kwa ukoo mzima, ili waitike amina," akasema Bi Mize. "Watu arubaini na mmoja, mwanangu. Kijana keshapoa?"

"Bado, mama," Sundus akasema. "Ahsante, mama."

Hakuweza kumkasirikia mwanamke yule, na kwa kuwa hakuweza, hasira yote ikageuka na kurudi upande wa meza. Alimwita Sabri majina ambayo gazeti hili halichapishi. Alimwambia amemuuza dada yake kwa vijana wasiomjua, tena bure.

Na hapo Sabri naye akakasirika.

Akasema hajala hata senti kwenye mechi hii. Akasema miaka mitatu anawachambulia watu mechi, mikeka inachanika, wanamtukana mpaka mama yake aliyemzaa, na wiki moja tu, moja, alitaka asimame mbele yao akiwa mkweli. Alikuwa amesimama sasa, jasho kwenye mdomo wa juu.

"Na usiniite mwizi. Mie nimechukua kwa mama. Mama kachukua kwako. Wewe ulichukua kwa nani, dada? Kwa mgonjwa kitandani. Sasa wa kwanza nani?"

Sundus aliinuka kitini. Aliinyanyua ile maikrofoni pamoja na mguu wake, waya ukafuatana na kikombe, akafungua mlango wa kibaraza, akaitupa chini kwenye theluji. Haikutoa hata mlio. Akasimama pale na baridi inampiga usoni, mwanamke wa miaka thelathini na tisa mwenye sare ya kazi, anahema.

Simu yake ikaita.

Alikuwa Ryan, mkuu wa ofisi ya siri za wagonjwa pale kliniki, mtu mpole mwenye kikohozi cha kudumu. Kwa Kiingereza chake cha taratibu alimtaka Sundus afike chumba cha mikutano kesho saa tatu kamili asubuhi, asimwambie mtu yeyote. Sundus akauliza ni kuhusu nini. Ryan akakohoa, akasema si jambo la simu.

Basi. Wamemjua.

Alimtazama Sabri mara moja, akatoka bila kuaga. Sabri alimfuata mpaka ngazini akimwita dada, dada, kwa sauti ya kitoto, na yeye hakugeuka.

Barabara ya 95 ilikuwa imejaa magari kama kawaida yake, na Sundus alipata muda wa kutosha kumchukia kila mtu. Alimchukia Sabri. Aliwachukia watu elfu nne. Alimchukia kocha aliyefanya goti la mtoto kuwa siri ya biashara, na wale wakubwa waliohamisha hela zao kwa sababu kijana kavunjika. Alipofika daraja la Potomac alikuwa amebaki na mtu mmoja wa kumchukia, na huyo alikuwa kwenye kioo cha gari.

Akaamua. Atasema mwenyewe kabla hajaulizwa. Alianza kuifanyia mazoezi hotuba yake kwa Kiingereza: nilikosea, nilitaja jina, sikukusudia, nitakubali mtakaloamua. Alifika Gaithersburg ameihifadhi neno kwa neno. Aliirudia jikoni akikaanga mayai ya watoto, akairudia asubuhi akivaa. Nataka mjue hivyo, kwa sababu yanayofuata hayapendezi, na Sundus si mtu mbaya.

Saa tatu kasoro dakika mbili alifungua mlango wa chumba cha mikutano.

Bupe alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, ndani ya fulana yake ya usafi ya buluu, mikono mapajani. Macho yalikuwa yamevimba. Alipomwona Sundus, uso wake wote ulilegea kwa faraja.

"Dada Sundus, afadhali umekuja," akasema. "Hawa watu sielewi wanataka nini."

Ryan alivuta kiti. Hakukivuta upande wa Bupe. Alikiweka ubavuni mwake mwenyewe, akamwambia Sundus karibu, na samahani sana kwa kumsumbua. Mkalimani wa simu hapatikani mpaka kesho mchana, akaeleza, na mwanasheria wa chuo cha Catoctin ameshapiga mara mbili asubuhi hii. Kuna habari za mgonjwa zimevuja kwa Kiswahili. Kliniki ilihitaji mtu wa kutafsiri, mtu wa kuaminika, na kila aliyeulizwa alimtaja Sundus.

Sundus alikuwa tayari amefungua kinywa kutoa hotuba yake. Akakifunga.

Akakaa kwenye kile kiti.

Ryan alieleza kwa kirefu. Kamera ya korido ilimwonyesha Bupe siku ya Ijumaa nje ya chumba namba nne, alimokuwa Ethan, simu ameiinua juu dakika nzima. Faili la Ethan lilifunguliwa na daktari, na mtu wa eksirei, na Sundus, wote wakiwa kazini kwao. Sundus ana miaka kumi na moja bila doa. Mtu pekee asiyekuwa na sababu ya kusimama pale na simu ni huyu. Aliyasema hayo bila ubaya, na Sundus akaona kuwa kwa Ryan kesi ilikuwa imekwisha, imebaki karatasi.

Alitafsiri. Bupe alisikiliza mpaka mwisho, akashangaa. Alikuwa akimwonyesha mama yake theluji, akasema. Pale kwenye korido ndipo penye dirisha kubwa. Mama yake wa Tukuyu hajawahi kuiona, akataka aioneshwe tena na tena, ndiyo maana dakika nzima.

Sundus aliyatafsiri hayo sawasawa, hakupunguza neno. Ryan akaandika, akakohoa, akasema hiyo inawezekana. Ila hakuinua macho.

Kisha akabonyeza kompyuta, na sauti ya Sabri ikaingia chumbani. Wana mkeka, salaam aleikum. Sabri alikuwa amefuta, lakini mtandaoni kufuta ni kujifariji tu. Sundus alimtafsiri mdogo wake mstari kwa mstari, pointi saba, Occoquan, goti, na alipofika kwenye chumba cha daktari alijikwaa akarudia mara mbili. Ryan alidhani ni uchungu wa kikazi. Akamwambia anaelewa, naye linamuuma.

"Iko nyingine," Ryan akasema. "Imetolewa jana, saa sita kasorobo."

Saa sita kasorobo. Sundus aligonga, au tuseme hakugonga, mlango wa Sabri saa sita kamili. Wallahi haijatoka, alimwambia, na robo saa ilikuwa imeshapita. Sundus alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Angekuwa na Sabri mkononi dakika ile, angemtia ngeu.

Sauti ikaanza. Ilikuwa nzito, imevutwa, kama mwanamume anayezungumza na kinywa kimejaa. Mama, nisomee mgonjwa wangu mmoja, kijana. Anaitwa Ethan, mama yake Abigail.

Mashine hubadilisha uzito wa sauti. Haibadilishi mtu anavyosema. Kiunguja kile, namna ile ya kulivuta neno mama mwanzoni na kuliachia, hakuna mwingine anayekisema kwenye jengo lile. Bupe alikula na Sundus chakula cha mchana kila siku kwa miaka miwili. Alikuwa akiitazama meza. Sasa kichwa chake kikainuka polepole, macho yakatoka kwenye kompyuta, yakaenda mpaka kwa Sundus, yakabaki hapo.

Faraja yote ilikuwa imekwisha usoni mwake.

Ryan akataka tafsiri. Sundus akasema ni mtu anaomba mgonjwa asomewe dua, na kwamba anamtaja kwa jina na jina la mama yake. Ryan akauliza kwa nini jina la mama. Sundus akasema hajui.

Ryan akauliza huyo anayesema ni mwanamume au mwanamke.

Hotuba yote ilikuwa bado iko kichwani, neno kwa neno. Nilikosea, nilitaja jina. Ilikuwa inahitaji pumzi moja tu. Sundus aliiona leseni juu ya televisheni, ukuta mweupe nyuma yake, na alama ya mraba itakayobaki ikishushwa.

"Mwanamume," akajibu.

Ryan akaandika mwanamume. Akafikiri. Huenda Bupe ana mume, akasema, au kaka, au rafiki. Akamwomba Sundus amuulize Bupe, kwa upole, kama anaijua sauti hii ni ya nani.

Sundus akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aingie ilibidi amtazame usoni.

"Anauliza kama unaijua sauti hii."

"Naijua," Bupe akasema. Hakupaza sauti. Mikono ilikuwa imetoka mapajani sasa, imelala juu ya meza, imekunjwa ngumi. "Ni yako. Nimekaa hapa tangu saa mbili nalia, umeingia, unanisikia, unanitafsiria, na ni wewe. Nilikuwa nakuita dada."

Sundus aliangalia karatasi ya Ryan.

"Sema mwenyewe," Bupe akasema. "Nakupa nafasi hii moja. Usiposema, ninasema mimi."

Ryan aliwatazama kwa zamu. Alikuwa ameona ngumi, ameona na macho, na kalamu ilikuwa juu ya karatasi inangoja.

"Amesema maneno mengi," Ryan akasema. "Anasema nini?"

Sundus alimkasirikia Ryan kwa kuuliza. Alimkasirikia Bupe kwa kuwa na masikio. Aliukasirikia ule mkono wa Abigail uliomshika Ijumaa ile na kumwomba dua. Hasira ilimjaa pande zote, na katikati ya hasira hiyo alisikia kinywa chake kinafunguka, na sauti inayotoka ilikuwa tulivu kabisa, sauti yake ya kazi, ile anayowapoza nayo wagonjwa kabla ya sindano.

"Anaomba maji," akasema. "Hajisikii vizuri. Anaomba maji ya kunywa."

Ryan, mtu wa watu, aliinuka upesi. Alimimina glasi kutoka kwenye jagi, akazunguka meza, akaiweka mbele ya Bupe kwa mikono miwili.

Bupe aliitazama ile glasi. Akamtazama Sundus. Kisha akaisukuma kwa kidole kimoja, taratibu, ikateleza juu ya meza mpaka ikasimama mbele ya Sundus.

Miaka miwili Sundus alikuwa akimsomea barua zake, akimjazia fomu, akizungumza kwa niaba yake na kila mtu. Hakuwahi kumuuliza Jumamosi anakwenda wapi. Anakwenda maktaba ya Gaithersburg, kwenye darasa la bure, daftari mbili zimejaa.

Bupe akamgeukia Ryan.

"Sikuomba maji," akasema, kwa Kiingereza.